Mkwaju Dirishani: Namna ya Kuvusha Miche ya Bonsai Ndani ya Nyumba Wakati wa Baridi



Mwisho wa Novemba, kaskazi ikianza kuvuma na sisi huku Mombasa tukianza kulia na joto, mpwa wangu aliyeko Leicester, Uingereza, alinitumia picha kwa WhatsApp. Ilikuwa picha ya chungu kidogo juu ya kizingiti cha dirisha. Ndani ya chungu mlikuwa na kijiti kikavu, hakina jani hata moja. Chini ya picha ameandika: "Mjomba, huu ni wa tano. Umebaki mmoja tu."

Ilikuwa ni miche ya mkwaju. Mwezi wa nne alinunua ukwaju wa kupikia kwenye duka la Wahindi la mtaani kwake, akazitoa kokwa, akazipanda. Zikaota sita. Nia yake ilikuwa kuikuza miche hiyo iwe bonsai, ile miti midogo ya Kijapani inayoishi ndani ya chungu, ili awe na ukumbusho wa mkwaju uliokuwa uani kwa bibi yake. Huyo bibi ni mama yangu mzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mkwaju wenyewe ulikatwa tulipojenga, na mpaka leo wako katika ukoo ambao hawajatusamehe.

Nilimuuliza swali moja tu: unaimwagilia mara ngapi?

Akanijibu: "Kila asubuhi, mjomba. Kama bibi alivyokuwa akimwagilia mirehani yake."

Hapo nikajua ugonjwa uko wapi. Miche ile haikuuawa na baridi wala haikukosa kutunzwa. Ilikufa kwa mapenzi, yaani ilipewa matunzo ya Mombasa ilhali inaishi Leicester. Najua wengi wetu tuna jamaa Uingereza, Kanada, Marekani na kwingineko kwenye barafu, na wengi wao huotesha kitu cha nyumbani dirishani. Kwa hiyo nimeona niyaandike haya kwa urefu, yafike kwao kabla chungu cha mwisho hakijakauka.

Bonsai si aina ya mti

Kwanza tuondoe dhana moja. Hakuna mti uitwao bonsai. Neno lenyewe ni la Kijapani na maana yake ni kupanda ndani ya chombo kifupi. Sanaa hii ilianza Uchina, ikavuka bahari hadi Japani, na Wajapani wakaipa sura tunayoijua leo. Mti wowote wenye shina gumu unaoweza kuvumilia kupogolewa matawi na mizizi unaweza kufanywa bonsai: msonobari, mepo, mkomamanga, mkwaju, hata mbuyu.

Kwa hiyo ukiona mtu anauza "mbegu za bonsai" mtandaoni, jua anakuuzia jina. Mpwa wangu aliwahi kununua pakiti ya namna hiyo. Picha ya juu ilionyesha mti wenye maua ya buluu, mbegu zilizokuja ni za msonobari wa kawaida. Mbegu ya bonsai ni mbegu ya mti kama mti mwingine. Ukiipanda ardhini utapata mti mkubwa. Udogo wa bonsai unatokana na mkono wa mtu: chungu kidogo, makasi, waya wa kukunjia matawi, na miaka ya subira.

Na subira hiyo si mchezo. Kuna msonobari mmoja wa Japani ulioanza kutunzwa mwaka 1625 na kurithiwa ndani ya familia ya Yamaki. Mwaka 1945 ulikuwa Hiroshima wakati bomu la atomiki lilipoangushwa, ukasalimika nyuma ya ukuta wa bustani. Mwaka 1976 familia iliutoa zawadi kwa Marekani, na hadi leo uko Washington. Mti wa karibu miaka 400 ndani ya chungu. Anayetaka bonsai ndani ya mwaka mmoja ni heri anunue ya plastiki.

Wako wanaoniuliza: je, huku si kuutesa mti? Mimi naona ni sawa na hina tunayoikata ikawa ua wa nyumba, au mwembe tunaoupogoa ili uzae. Mti uliotunzwa vyema kwenye chungu huwa na afya, huchipua na hata kuzaa. Mateso ni kuupanda halafu kuusahau.

Mti wa kulala nje na mti wa kulala ndani

Sasa tuje kwenye kosa kubwa kuliko yote. Watu wengi wanadhani majira ya baridi yakifika, kila mti ulioko ndani ya chungu uingizwe ndani kwenye joto. Sivyo. Kabla ya kuuhurumia mti, uliza asili yake ni wapi.

Miti ya nchi za baridi, kama mepo ya Kijapani na misonobari mingi, ina usingizi wake wa mwaka. Siku zikifupika na baridi ikiingia, mepo hudondosha majani, utomvu hupungua, mti unalala. Usingizi huo si hiari. Mti unahitaji wiki nyingi za baridi, aghalabu kati ya nyuzi 0 na 7 za Selsiasi, ndipo matumba yake yafunguke sawasawa majira ya kuchipua yakifika. Ukiuingiza sebuleni kwenye nyuzi 22 unaunyima usingizi. Utachipua kwa nguvu za akiba, udhoofike, na baada ya mwaka mmoja au miwili ufe. Mti wa namna hiyo mahali pake ni nje, au kwenye banda au gereji isiyopashwa joto. Kinachokingwa ni mizizi tu, kwa sababu ndani ya chungu kifupi mizizi haina ardhi ya kuifunika. Wenye miti hukizika chungu kwenye maganda ya miti, au hukiweka mahali palipokingwa na upepo.

Miti ya kwetu ni habari nyingine. Mkwaju haujui theluji. Fikasi, ule wa jamii ya mkuyu unaouzwa sana madukani kule, vilevile haujui. Hii ndiyo miti ya kuingizwa ndani, na iingizwe mapema, kabla usiku haujashuka chini ya nyuzi 10. Ikipigwa na baridi ya kugandisha usiku mmoja tu, mche mchanga unaweza kwisha.

Katikati yao yuko mbuyu. Mbuyu una usingizi, lakini ni usingizi wa kiangazi. Hudondosha majani wakati wa ukavu. Ukiwa Ulaya ukaona mbuyu wako mdogo umepukutisha majani mwezi wa kumi na moja, usishtuke na usikimbilie kopo la maji. Umelala. Uweke mahali pa joto na uache karibu mkavu mpaka uchipue wenyewe. Kama ni mche wa mwaka wa kwanza, uonjeshe maji kidogo mno, mara moja kwa wiki kadhaa, usinyauke. Mbuyu uliolala ukimwagiliwa kila siku huoza kutokea chini, na utakapoona dalili juu, huku chini kumeshakuwa uji.

Giza ndilo adui wa kwanza

Sisi tunaokaa nyuzi 4 kusini ya ikweta tuna neema ambayo hatuioni. Mchana wetu ni takriban saa 12, Januari hadi Desemba. Leicester, katika siku fupi kabisa za Desemba, mchana haufiki saa 8. Na hata huo mchana, jua liko chini, mawingu yametanda, kisha mwanga unapita kwenye kioo cha dirisha kabla haujaufikia mche.

Mti hula mwanga. Majani hutumia mwanga kutengeneza chakula, na mwanga ukipungua chakula hupungua. Mche ulioko gizani hurefuka, hukonda, na huacha nafasi kubwa kati ya jani na jani, ukihangaika kuutafuta mwanga. Shina likawa kama uzi. Kwa anayetaka bonsai hiyo ni hasara mbili, kwa sababu uzuri wa bonsai ni shina nene na majani yaliyokaribiana. Mwisho wake majani hugeuka manjano na kudondoka.

Dawa yake ni mbili. Kwanza, dirisha. Kule kaskazini ya dunia, jua la baridi hupita upande wa kusini. Kwa hiyo dirisha linaloelekea kusini ndilo bora, na mche ukae kwenye kioo, usiwekwe katikati ya chumba. Hatua mbili tu nyuma, macho yetu yanaona pangavu lakini mmea unaona jioni. Geuza chungu kidogo kila wiki ili mche usilale upande mmoja.

Pili, taa. Taa nyeupe ya LED, na hasa zile zinazouzwa kwa ajili ya mimea, huondoa sehemu kubwa ya tatizo hili. Ining'inizwe kati ya sentimita 15 na 30 juu ya mche, kutegemea nguvu zake. Weka kiganja chako pale majani yalipo. Ukihisi joto, ipandishe juu. Iwake kwa muda wa saa 12 hadi 14 kila siku, kisha izimwe, kwani mmea nao unahitaji usiku. Nunua swichi inayojiwasha na kujizima kwa saa, maana mwanadamu husahau.

Mkwaju utakuambia wenyewe kama unajua mchana na usiku. Tangu utoto tumeuona: jua likizama, vijani vyake hukunjana viwili viwili kama mtu afumbavyo viganja, na asubuhi hufunguka. Mche wenye afya hufanya hivyo hivyo ndani ya nyumba. Nitalirudia jambo hili.

Maji ndiyo yanayoua

Mmea ulio kwenye mwanga na joto hunywa sana. Mmea ulio kwenye giza umepunguza kazi, hivyo hunywa kidogo. Ukiendelea kuupa kipimo kile kile, maji hubaki kwenye udongo. Na mizizi, msomaji wangu, hupumua. Udongo ulioloa muda wote hauna nafasi ya hewa, mizizi hukosa pumzi, huoza. Mizizi ikioza haiwezi tena kupandisha maji, kwa hiyo majani hunyauka kana kwamba mti una kiu. Mwenye mti akiona yamenyauka anaongeza maji. Hivi ndivyo miche mitano ya mpwa wangu ilivyokufa.

Usimwagilie kwa kalenda, mwagilia kwa kupima. Chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke kwenye udongo hadi karibu na chini, kiache kwa dakika 10, kisha kichomoe. Kikitoka na unyevu au udongo umegandamana nacho, acha. Kikitoka kikavu, mwagilia. Na ukimwagilia, mwagilia kweli kweli mpaka maji yatoke kwenye tundu za chini, kisha umwage yaliyokusanyika kwenye kisahani. Tumia maji yaliyokaa ndani yakachukua joto la chumba. Maji ya bomba la kule wakati wa baridi huuma mpaka mifupa, mizizi nayo huyahisi.

Udongo nao uwe wa kupitisha maji. Udongo mweusi mzito wa bustani haufai ndani ya chungu. Wenye bonsai hutumia punje ngumu: jiwe-povu, perlaiti, changarawe ndogo iliyochekechwa, au akadama, udongo wa mfinyanzi wa Kijapani wenye punje. Kwa miche, changanya nusu ya punje hizo na nusu ya udongo mwepesi wa kuoteshea. Mchanga wa ufuoni usiutumie, una chumvi.

Joto la hita na hewa kavu

Baridi ya nje ikiwa kali, nyumba za kule hupashwa joto. Hewa ya baridi haibebi mvuke mwingi, na inapopashwa bila kuongezewa maji huwa kavu mno. Ndiyo maana jamaa zetu hulalamika midomo kupasuka na ngozi kuwasha. Mche wa mkwaju, ambao mababu zake wamezoea unyevu wa Pwani, nao hulalamika, kwa kukaushwa ncha za majani.

Usiuweke mche juu ya hita wala mbele ya upepo wake. Ikusanye mimea pamoja, kwa maana kila mmoja hutoa mvuke na wenzake wakafaidika. Unaweza kuweka chungu juu ya sinia lenye kokoto na maji kidogo, bora chini ya chungu pasiguse maji. Husaidia kiasi, lakini si muujiza. Kunyunyizia majani maji mara kwa mara kunaburudisha roho ya mwenye mti kuliko mti wenyewe, kwani hukauka upesi.

Kiwango kizuri kwa miche ya kwetu ni nyuzi 18 hadi 24 mchana, na usiku isishuke chini ya 15. Jihadhari na pazia. Usiku watu hufunga mapazia, na chungu kikabaki baina ya pazia na kioo, ambako baridi ni kali kuliko chumbani. Kitoe kabla ya kulala.

Na haya si ya Ulaya pekee. Ofisi nyingi za hapa Mombasa zenye AC na mapazia yaliyofungwa ni majira ya baridi ya mwaka mzima. Ukiweka bonsai ya mkwaju mezani kwako humo, itakufa kama zilivyokufa za Leicester. Hapa kwetu mahali pake ni nje, kibarazani au uani, penye jua.

Kuotesha mbegu wakati wa baridi

Wakati mzuri wa kuotesha mkwaju kule ni majira ya kuchipua, siku zinaporefuka. Lakini mwenye taa na joto anaweza kuanza hata Januari. Kokwa ya mkwaju ina ganda gumu. Isugue upande mmoja kwa msasa mpaka uone rangi ya ndani ianze kutokeza, kisha iloweke kwenye maji ya vuguvugu kwa usiku mmoja. Ipande kina cha sentimita moja au moja na nusu, mahali penye nyuzi 24 hadi 28. Aghalabu huota baada ya wiki 1 hadi 3.

Adui wa miche michanga ni kuoza shingo. Mche unaamka asubuhi umelala, shina limenyongeka pale linapokutana na udongo. Ni ukungu huo, na hupenda uchafu, maji mengi na hewa iliyofungiwa. Kinga ni vyungu vilivyooshwa, udongo mpya, mbegu zisizosongamana, na hewa inayopita. Ukishaingia hauna tiba ya maana, basi utoe mche ulioanguka haraka ili usiambukize wengine.

Kwa anayetaka miti ya kule kwenyewe, majira ya baridi ni wakati wa kazi nyingine. Mbegu za mepo na za misonobari mingi hazioti mpaka zipite baridi. Watu huzichanganya na mchanga wenye unyevu, huzitia kwenye mfuko, na huziweka kwenye friji, si sehemu ya kugandishia, kwa miezi 2 hadi 4 kutegemea aina. Friji inaidanganya mbegu kwamba baridi imepita. Kisha hupandwa jua likirudi.

Vipandikizi

Njia ya mkato kuliko mbegu ni kipandikizi, na mti wa kujifunzia ni fikasi. Kata tawi changa lakini lililokomaa kidogo, la sentimita 10 hivi, chini kidogo ya kifundo. Litatoa utomvu mweupe. Ufute na uache ukauke, na usijishike macho, unawasha. Ondoa majani ya chini, bakisha mawili au matatu juu. Lichomeke kwenye udongo wa punje wenye unyevu, kisha funika chungu kwa mfuko wa plastiki unaoonyesha, ili mvuke usipotee. Kipandikizi hakina mizizi ya kunywea, kwa hiyo unyevu wa hewa ndiyo roho yake.

Kiweke penye mwanga lakini si jua kali, kwenye nyuzi 22 hadi 25. Fungua mfuko dakika chache kila siku. Usikivute kila mara kuangalia kama kimeota, utavunja mizizi inayoanza. Baada ya mwezi hivi, pengine zaidi wakati wa baridi, kiguse taratibu. Ukihisi kimeshika, kimeota. Zoeza hewa ya chumba kidogo kidogo kabla ya kuuondoa mfuko kabisa.

Kwa mwenye haraka ya kukata tamaa, ajaribu Portulacaria afra, mmea wa kusini mwa Afrika wenye vijani vinene vyenye maji. Huo hufanyiwa kinyume. Ukishakata, acha kidonda kikauke siku kadhaa kabla ya kupanda, usiufunike, na umwagilie kwa uchache sana. Husamehe makosa mengi, na hugeuka bonsai nzuri.

Wageni wasioalikwa

Ndani ya nyumba hakuna mvua wala ndege, kwa hiyo wadudu hustarehe. Ukiona vijinzi vyeusi vinarukaruka juu ya chungu, udongo wako ni majimaji mno. Uache ukauke juu na vitapungua. Ukiona majani yana vitone vya kupauka na utando mwembamba kama wa buibui, huo ni utitiri, mpenzi wa hewa kavu. Upeleke mche bafuni, uoshe majani juu na chini, rudia kila siku chache. Ukiona vijigamba vya kahawia vimeganda kwenye shina, vikwangue kwa mswaki laini wenye maji ya sabuni kidogo.

Mbolea punguza sana. Mti usiokua haujengi kwa mbolea, bali huungua mizizi. Na kazi nzito kama kukata mizizi au kubadilisha chungu, iahirishe mpaka majira ya kuchipua.

Mti uliopukutika majani usiutupe kabla ya kuuhoji. Kwangua gome kidogo sana kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani, uko hai, usubiri. Pakiwa kahawia na pakavu, jaribu chini zaidi karibu na udongo, ndipo uhukumu.

Baridi ikiisha, usiitoe miche nje siku moja ukaiacha. Majani yaliyozoea chumba huungua na jua. Anza na saa moja kivulini, uongeze kila siku kwa wiki mbili, na uirudishe ndani usiku wenye baridi.

Usibebe mche kwenye begi

Neno la tahadhari. Najua mapenzi yetu. Mtu akija likizo, hutaka kurudi na mche wa mwarobaini au konzi ya mchanga wa nyumbani. Uingereza hudai cheti cha afya ya mimea kwa mimea ya kupandwa na kwa mbegu nyingi, na udongo kutoka huku hauruhusiwi kuingia. Kwetu cheti hicho hutolewa na KEPHIS. Si ukorofi wa watu wa uwanja wa ndege. Ugonjwa mmoja unaweza kujificha ndani ya gumba la udongo ukamaliza mashamba ya watu. Kokwa ya ukwaju ulionunuliwa dukani kule kule inatosha. Nasaba ya mti haiko kwenye begi. Hata jina ambalo Wazungu wanauita ukwaju wamelichukua kwa Waarabu, tamr hindi, tende ya Hindi, ilhali wataalamu wengi wanaona asili ya mti wenyewe ni Afrika. Mkwaju umesafiri kabla yetu.

Mche wa sita

Nilimwambia mpwa wangu mambo matatu: acha kumwagilia, sogeza chungu kwenye dirisha la kusini, nunua taa. Alinung'unika kidogo. "Mjomba, kuuacha mkavu kunaniuma. Naona kama naudhulumu." Nikamwambia, mwanangu, bibi yako alimwagilia mirehani kila asubuhi kwa sababu jua la hapa lilikuwa limekwisha kuyanywa maji ya jana. Wewe jua lako halijanywa. Mfuate bibi kwa kuangalia, kwani yeye alitia kidole kwenye udongo kwanza, kisha ndipo akatia maji. Sisi watoto tuliona maji tu.

Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kupanda, na kupanda hakuishii siku ya kufukia mbegu. Kutunza ndiyo nusu ya pili, na kutunza kunaanza kwa kujua kile unachokitunza kinataka nini, pasi na kufuata kile mkono wako umezoea kutoa.

Wiki iliyopita, mwezi huu wa Januari, alinitumia picha mbili. Ya kwanza amepiga usiku, taa ikiwa imezimika: kimche cha urefu wa shubiri moja, vijani vyake vyote vimekunjana, vimelala. Ya pili amepiga asubuhi. Vimefunguka.

Wassalaam.